Damu ya Mama na Uchungu Unaokuja Kabla ya Wakati

Mimba huhesabiwa kuwa imetimia inapofika wiki 37. Kizazi kikianza kukaza na kulegea kwa mpangilio kabla ya hapo, na mlango wake ukaanza kufupika au kufunguka, mama huwa ameingia katika uchungu kabla ya wakati, na mtoto atakayezaliwa ndiye yule ambaye Watanzania wanamwita njiti. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo duniani kote, takriban mmoja katika kila watoto kumi. Matatizo ya kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano, na uzito wake haujagawanywa sawa. Katika nchi tajiri, watoto wengi wanaozaliwa kabla ya wiki 28 huokolewa. Katika nchi maskini, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa umri huo hufariki ndani ya siku chache za mwanzo.

Mama anapofika leba akiwa na mimba ya wiki 30 na tumbo linakaza, wanaompokea wanakabiliwa na maswali mawili kwa pamoja. Je, uchungu huu ni wa kweli, au utatulia wenyewe? Na kama ni wa kweli, umeanzishwa na nini? Swali la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa takriban nusu ya wanawake wanaolazwa kwa sababu hii huishia kujifungua mimba ikiwa imetimia. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu kinachousukuma uchungu mara nyingi kimejificha ndani ya kizazi, mahali ambapo macho na mikono ya mkunga havifiki. Ndiyo maana kwa miongo mingi watafiti wamekuwa wakiitazama damu ya mama, wakitafuta ndani yake dalili za mchochota.

Mchochota ni ile hali ya mwili kuwaka pale unapoumia au unapovamiwa na vijidudu. Sehemu iliyoguswa hupata joto, huwa nyekundu, huvimba na kuuma. Kidole kilichochomwa na mwiba huonyesha dalili hizo zote nne. Ndani ya kizazi hazionekani, ila kinachotendeka ni kilekile: chembechembe nyeupe za damu hukimbilia mahali palipoguswa na kumwaga kemikali ziitwazo saitokini, ambazo huziita chembechembe nyingine na kuziamrisha zifanye kazi.

Uchungu wa kawaida nao ni tukio la mchochota, hata kwa mama mwenye afya njema na mimba iliyotimia, na bila kulijua hilo vipimo vya damu havieleweki. Kwa sehemu kubwa ya mimba, homoni ya projesteroni huifanya misuli ya kizazi itulie na mlango wake ubaki mgumu na umefungwa. Wakati unapowadia, chembechembe nyeupe huingia kwa wingi katika mlango wa kizazi, katika misuli yake na katika ngozi nyembamba za chupa inayomzunguka mtoto. Saitokini zinazotoka hapo huchochea kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali zinazolainisha mlango wa kizazi na kuifanya misuli ianze kukaza. Vimeng'enya navyo huula utando wa chupa mpaka ukachanika. Mwili haukuunda njia moja ya uchungu wa wakati wake na nyingine ya uchungu wa mapema. Njia ni hiyohiyo, ila imewashwa mtoto akiwa bado hajawa tayari.

Kinachoiwasha mapema si kitu kimoja. Mwaka 2014 daktari Roberto Romero, aliyeongoza kwa miaka mingi utafiti wa magonjwa ya uzazi mjini Detroit nchini Marekani, aliandika na wenzake katika jarida la Science kwamba uchungu kabla ya wakati ni mkusanyiko wa dalili zenye vyanzo vingi. Kondo la nyuma linaweza kuvuja damu kwa ndani. Kizazi kinaweza kutanuka kupita kiasi kwa mapacha au kwa maji mengi. Mlango wa kizazi unaweza kuwa mfupi tangu awali. Malaria inaweza kulijaza kondo vimelea na kuliwasha. Katika orodha hiyo yote, maambukizi ndani ya chupa ya uzazi ndiyo yanayojulikana vizuri kuliko vyanzo vingine. Inakadiriwa kwamba katika kila watoto njiti wanne, mmoja huzaliwa na mama mwenye maambukizi hayo, na kadiri mimba inavyokuwa changa ndivyo maambukizi yanavyokuwa chanzo cha kawaida zaidi.

Vijidudu hivyo kwa kawaida hupanda kutoka ukeni, vikapita mlango wa kizazi hadi kwenye utando na hatimaye kwenye maji anamoogelea mtoto. Vinavyokutwa mara nyingi ni vidogo na vipole, kama Ureaplasma na Mycoplasma, ambavyo mwanamke anaweza kuishi navyo ukeni bila kuumwa. Vingine hufika kwa njia ya damu. Fusobacterium, ambayo makao yake ni kinywani, imekutwa mara kwa mara katika maji ya uzazi, na ndiyo sababu madaktari wa uzazi wanaulizia afya ya fizi. Sehemu kubwa ya maambukizi haya ni ya kimyakimya: mama hana homa, tumbo haliumi likiguswa, maji hayanuki. Isitoshe, kuna mchochota usio na kijidudu chochote, unaotokana na seli zilizoumia au kuchakaa, ambazo hutoa kemikali za hatari na kuuamsha mwili kana kwamba umevamiwa. Kwa mtoto, aina zote mbili zina madhara. Mchochota ukimfikia tumboni huweza kuumiza ubongo unaokua na mapafu, hata kabla hajazaliwa.

Habari za moto huo hufika kwenye damu ya mama kwa mnyororo. Chembechembe zilizo kazini hutoa saitokini iitwayo intalukini-6. Hiyo husafiri na damu hadi kwenye ini, na ini likiipokea huanza kutengeneza protini kadhaa za dharura. Wakati huohuo uboho wa mifupa huamrishwa kuachia chembechembe nyeupe zaidi. Kila kiungo cha mnyororo huu kinaweza kupimwa, na kila kimoja kina wakati wake wa kupanda na kushuka. Viashiria vya mchochota ni hivyo hasa: nyayo za kemikali na za chembechembe ambazo mwili huziacha katika damu unapopambana.

Kipimo kilicho karibu zaidi na watu ni hesabu ya chembechembe nyeupe, inayopatikana katika picha kamili ya damu. Karibu kila hospitali ya wilaya inaweza kukifanya, na gharama yake ni ndogo. Tatizo lake ni kwamba ujauzito wenyewe huibadilisha hesabu hiyo. Mtu mzima asiye na mimba huwa na chembechembe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila maikrolita ya damu. Kwa mjamzito mwenye afya zinaweza kufika 16,000, na katika uchungu na saa chache baada ya kujifungua huweza kuzidi 20,000 bila maambukizi yoyote. Vitabu vya ukunga huitaja 15,000 kama mojawapo ya dalili za maambukizi ndani ya chupa. Lakini haisomwi peke yake. Hutafutwa pamoja na homa, mapigo ya moyo ya mama yanayozidi 100 kwa dakika, mapigo ya mtoto yanayozidi 160, tumbo linalouma likibonyezwa, na maji yenye harufu mbaya.

Kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu, kipimo kingine cha zamani, ina historia inayogusa wajawazito moja kwa moja. Mwaka 1918 mwanasayansi wa Uswidi, Robin Fåhraeus, aliona kwamba chembe nyekundu katika damu ya wajawazito huzama chini ya mrija haraka kuliko za wengine, akadhani amepata njia ya kutambua mimba. Haikuwa hivyo, kwa kuwa magonjwa mengi hufanya vilevile. Jambo aliloligundua lilibaki kweli: mimba huongeza protini za kugandisha damu, na protini hizo huzifanya chembe zishikane na kuzama kwa kasi. Kwa hiyo kwa mama aliye na uchungu wa mapema kipimo hiki hakisemi lolote la kutegemewa, na hakuna sababu ya kumlipisha mama kwa ajili yake.

Kiashiria kilichochunguzwa sana ni protini inayoandikwa kwenye fomu za maabara kwa herufi CRP. William Tillett na Thomas Francis waliigundua mwaka 1930 mjini New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia, walipoona kwamba kuna kitu ndani yake kinachoshikamana na sehemu ya ganda la bakteria wa ugonjwa huo. Baadaye ikajulikana kwamba hutengenezwa na ini kwa amri ya intalukini-6. Sifa yake kubwa ni wepesi. Huanza kupanda takriban saa sita baada ya mwili kuchokozwa, hufika kilele baada ya siku mbili hivi, na chokochoko ikiisha hupungua kwa nusu katika kila saa 19. Mtu mwenye afya huwa na chini ya miligramu 10 kwa lita, na mara nyingi chini ya 5. Katika mimba kiwango hupanda kidogo, na katika uchungu hupanda zaidi.

Tafiti nyingi zimekuta kwamba wastani wa CRP kwa wanawake wanaojifungua mapema uko juu kuliko wa wanaotimiza miezi yao, hasa pale chupa ilipopasuka kabla ya uchungu kuanza. Hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Wastani wa kundi kuwa juu hakumaanishi kwamba namba ya mama mmoja inaweza kumwamulia. Viwango vya makundi hayo mawili hupishana sana: wapo wenye 25 waliofika wiki 40, na wapo wenye 4 ambao kondo lao lilipopimwa baada ya kujifungua lilikutwa limejaa chembechembe za mchochota. Sababu moja ni mahali penyewe. Kinachowaka kimefungiwa ndani ya utando, sindano inachota damu ya mkono, na kati yake kuna ini linalohitaji saa kadhaa kuitikia. CRP ni kama moshi unaoonekana juu ya mtaa: unaarifu kuna moto, lakini hausemi ni nyumba ipi, na moto mdogo ndani ya chumba kilichofungwa hauonekani kabisa.

Kwa sababu hiyo namba moja haina uzito kama mfululizo wa namba. Mama ambaye chupa yake imepasuka katika wiki ya 31, akalazwa ili mimba ipewe muda, anaweza kupimwa CRP na chembechembe nyeupe kila baada ya siku kadhaa. Namba zikibaki palepale, na hana homa wala maumivu, kusubiri kunaendelea. CRP ikipanda kutoka 8 hadi 30, kisha 70, wodi ina sababu ya kumchunguza upya hata kama anasema hajambo. Hata hivyo CRP iliyopanda peke yake haitoshi kuamua kumzalisha. Inatosha kumfanya mtu arudi kitandani kwa mama, ampime joto na mapigo, amguse tumbo na kuusikiliza moyo wa mtoto.

Prokalsitonini, inayopanda zaidi kwa maambukizi ya bakteria kuliko kwa mchochota wa aina nyingine, ilileta matumaini. Hospitali kubwa huitumia kutambua sumu ya maambukizi iliyosambaa katika damu. Katika uchungu kabla ya wakati imesaidia kidogo, kwa kuwa maambukizi yaliyojifungia mahali pamoja mara nyingi hayaipandishi. Intalukini-6, iliyo mwanzoni mwa mnyororo, ingetarajiwa kuwa bora kuliko zote, na kweli ni bora inapopimwa katika maji ya uzazi yaliyochotwa kwa sindano kupitia tumboni: watafiti wengi wamekubaliana kwamba ikifika nanogramu 2.6 kwa mililita, ndani ya chupa kuna mchochota. Katika damu ya mama uwezo wake hushuka sana, na kipimo chenyewe hakimo katika maabara za kawaida za Afrika Mashariki.

Katika miaka ya karibuni macho yamehamia kwenye uwiano. Picha kamili ya damu hutenganisha aina za chembechembe nyeupe, zikiwamo nyutrofili, ambazo ni askari wa mwanzo dhidi ya bakteria, na limfosaiti, zinazosimamia kinga ya muda mrefu. Mwili ukiwa katika dhiki nyutrofili hupanda na limfosaiti hushuka, hivyo idadi ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, jibu hukua. Wengine huigawa hesabu ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa limfosaiti. Wengine huzidisha chembe sahani kwa nyutrofili kwanza, ndipo wakagawa. Hospitali nyingi, zikiwamo za Uturuki, zimechapisha tafiti za hesabu hizi kwa wanawake wenye uchungu wa mapema. Mvuto wake unaeleweka, maana hazihitaji kemikali mpya wala mashine mpya, na jibu linatoka kwenye karatasi ambayo tayari iko kwenye faili la mama.

Wanawake wa Afrika wanapaswa kuangaliwa kwa uangalifu wa pekee hapa, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Watu wengi wa asili ya Afrika kusini mwa Sahara wamerithi badiliko la vinasaba linaloondoa juu ya chembe zao nyekundu protini iitwayo Duffy. Badiliko hilo limewakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax, ambayo huitumia protini hiyo kama mlango. Limewaachia pia idadi ndogo ya nyutrofili katika damu inayozunguka, bila kuwaongezea hatari ya kuugua. Kwa hiyo uwiano wa nyutrofili na limfosaiti unaohesabiwa kuwa wa juu mjini Istanbul si lazima uwe kipimo sahihi Dodoma au Kisumu. Mpaka ulionakiliwa kutoka kwenye jarida la nchi nyingine unaweza kumwambia mama wa Kiafrika kwamba yuko salama ilhali nyutrofili zake zimepanda maradufu ya kawaida yake. Kabla uwiano huo haujatumika wodini, unahitaji kupimwa kwa wajawazito wa hukuhuku, wenye afya na wenye uchungu.

Dawa nazo hupotosha namba. Mama mwenye uchungu wa mapema hupewa sindano za deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne, ili mapafu ya mtoto yakomae. Dawa hiyo huzifukuza nyutrofili kutoka kwenye kuta za mishipa hadi katikati ya damu na kupunguza limfosaiti. Ndani ya siku moja hesabu ya chembechembe nyeupe hupanda, na uwiano hupanda zaidi, pasipo maambukizi. Damu iliyochotwa kabla ya sindano ya kwanza ina maana tofauti kabisa na iliyochotwa kesho yake, kwa hiyo saa ya kuchota damu na saa ya sindano zinastahili kuandikwa kwenye faili. Wodi isiyoziandika inajinyima maana ya kipimo ilichokwisha kukilipia.

Yapo pia magonjwa mengine yanayoiwasha damu ya mjamzito wa ukanda huu. Malaria hupandisha CRP kwa kiasi kikubwa, na kwa wanawake waliokulia penye malaria nyingi vimelea vinaweza kujazana kwenye kondo ilhali kipimo cha kidole hakionyeshi kitu. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha pia. Kadhalika nimonia, kifua kikuu, jino lililooza, na hata unene uliopitiliza. Magonjwa kadhaa kati ya hayo, malaria na maambukizi ya mkojo yakiwa mbele, yenyewe huweza kuanzisha uchungu, hivyo CRP ya juu si kosa la kipimo bali ni ujumbe usio na anwani. Jibu la busara ni kuitafuta anwani: kipimo cha malaria, mkojo, uchunguzi wa kifua na wa meno. Kinga inayotolewa kliniki, yaani vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13 kwa dozi tatu au zaidi zilizopishana mwezi mmoja, chandarua chenye dawa, na vipimo vya kaswende na mkojo, hupunguza mchochota huo kabla haujageuka uchungu.

Faida kubwa ya viashiria hivi inaonekana pale uamuzi unapokuwa mzito. Shirika la Afya Duniani linashauri deksamethasoni au dawa ya kundi lake itolewe kati ya wiki 24 na 34 pale umri wa mimba unapojulikana kwa uhakika, mama hana dalili za maambukizi, na kituo kinaweza kumhudumia yeye na mtoto. Masharti hayo yalipatikana kwa gharama. Jaribio moja kubwa lililohusisha Kenya na Zambia pamoja na nchi za Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati, lililochapishwa mwaka 2015, lilieneza sindano hizo hadi kwenye vituo vidogo. Vifo vya watoto wachanga havikupungua, na kwa hesabu ya watoto wote viliongezeka, huku akina mama wengi zaidi wakishukiwa kuwa na maambukizi. Miaka mitano baadaye jaribio jingine lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistani na Bangladeshi, likiwa na wanawake 2,852 na umri wa mimba uliohakikishwa kwa altrasaundi, lilikuta kinyume: vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6, na maambukizi kwa mama hayakuongezeka. Dawa za majaribio hayo mawili zinafanana. Kilichotofautiana zaidi ni nani alichaguliwa kupewa na alihudumiwa wapi, na katika kuchagua huko, kumtambua mama mwenye maambukizi ni sehemu ya kazi.

Kwa antibayotiki somo lilikuwa kali zaidi. Kama mchochota unatokana na bakteria, ingeonekana ni jambo la kawaida kumpa kila mama mwenye uchungu wa mapema antibayotiki. Watafiti wa Uingereza walilijaribu wazo hilo kwa zaidi ya wanawake 6,000 ambao chupa zao zilikuwa bado nzima na hawakuwa na dalili za maambukizi. Matokeo ya mwaka 2001 hayakuonyesha faida. Watoto hao walipofuatiliwa wakiwa na miaka saba, waliokuwa wamepewa dawa hizo tumboni walikutwa na ulemavu wa ubongo unaoathiri misuli kwa kiwango cha juu kuliko wenzao, ingawa idadi ilikuwa ndogo kwa jumla. Tangu hapo ushauri ni kwamba chupa ikiwa nzima na maambukizi hayajaonekana, antibayotiki zisitolewe kwa kujaribu bahati. Chupa ikiwa imepasuka, erithromaisini ina nafasi yake. Namba ya CRP iliyopanda kidogo haibadilishi kanuni hiyo, na hapa kipimo kisichosomwa vizuri kinaweza kumdhuru mtoto ambaye kilikusudiwa kumlinda.

Kwa swali la kwanza, la iwapo uchungu utaendelea, damu si shahidi bora. Altrasaundi ya ukeni inayopima urefu wa mlango wa kizazi hufanya vizuri zaidi. Mlango wenye milimita 30 au zaidi huashiria kwamba kujifungua ndani ya wiki moja ni jambo la mbali, na ulio chini ya 15 huitia wodi wasiwasi wa haki. Kipimo cha fibronektini, protini inayotafutwa katika majimaji ya ukeni, kinategemewa zaidi kinaposema hapana kuliko kinaposema ndiyo. Pasipo vyote viwili, uchunguzi wa mkono unaorudiwa baada ya saa kadhaa bado unasema zaidi ya CRP.

Watafiti hawajaitupa damu. Katika kisiwa cha Pemba, maabara ya afya ya jamii iliyoko Chake Chake imeshiriki katika mradi wa kuhifadhi damu, mkojo na sampuli nyingine za wajawazito, sambamba na vituo vya Bangladeshi na Pakistani. Sampuli za Tanzania zilikuwa miongoni mwa zile za wanawake 81 kutoka nchi nne zilizochambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambapo wanawake 39 walijifungua kabla ya wakati. Badala ya kupima protini moja, wachambuzi walipima maelfu ya molekuli kwa pamoja na kuiachia kompyuta itafute mpangilio. Miongoni mwa yaliyojitokeza katika damu iliyochotwa mimba ikiwa bado changa ni kundi la protini za mchochota linaloongozwa na intalukini-6. Idadi ya wanawake ni ndogo na hakuna kipimo cha wodini kilichotokana nayo. Lakini umuhimu wake ni mkubwa: damu ya wanawake wa Pemba imechunguzwa kwa ajili ya swali linalowahusu, na mchochota umeonekana wiki nyingi kabla ya uchungu, wakati ambao hatua bado zingeweza kuchukuliwa.

Mama aliye nyumbani hana haja ya kungoja namba. Tumbo linalokaza mara nne au zaidi katika saa moja kabla ya wiki 37, maji yanayochuruzika, damu, mgongo unaouma kwa kwenda na kurudi, uzito unaosukuma chini ya kinena, homa, au mtoto kupunguza kucheza ni sababu za kwenda kituoni siku hiyohiyo. Akifika, kadi ya kliniki yenye tarehe ya hedhi ya mwisho au majibu ya altrasaundi ya mapema humsaidia kuliko kipimo chochote cha damu, kwa kuwa karibu kila uamuzi hutegemea umri wa mimba. Kutaja dawa alizotumia, zikiwamo antibayotiki za dukani, huzuia namba zake zisisomwe vibaya.

Baada ya kujifungua viashiria hubadilika tena. CRP hupanda kwa kila mzazi, zaidi kwa aliyepasuliwa, hufika kilele siku ya pili au ya tatu na kuanza kushuka. Ikishuka kisha ikapanda upya, au ikikataa kushuka huku mama ana homa au damu ya uzazi inanuka, maambukizi ya kizazi hutafutwa bila kukawia. Kondo la nyuma likipelekwa kukatwa na kutazamwa kwa hadubini, linaweza kuthibitisha kama palikuwa na mchochota na ulifika wapi: kwenye utando tu, au hadi kwenye mishipa ya kitovu, ambako unaonyesha kwamba mwili wa mtoto nao ulikuwa umeanza kupambana. Jibu hilo humwongoza daktari wa watoto katika siku za mwanzo za njiti, na linapoandikwa kwenye kadi humsaidia mama katika mimba ijayo, kwa sababu aliyewahi kujifungua kabla ya wakati yuko katika hatari kubwa zaidi ya kurudia na anastahili kufuatiliwa tangu miezi ya mwanzo.